Bustani ya mimea ya asili Dodoma: maswali yanayoulizwa kabla na baada ya mvua

Majibu haya ni kwa mwenye kiwanja Dodoma Mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa au popote kanda ya kati ambako ardhi ni nyekundu na kiangazi ni kirefu. Wa Lushoto au Bukoba atapata machache ya kumfaa.

## Msimu

Nipande lini hasa?

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka mzima mvua yote ni kama milimita 550 hadi 600. Dirisha la kupanda mche ni Desemba hadi katikati ya Januari. Februari mara nyingi mvua husimama wiki mbili tatu na jua linawaka kweli. Mche uliopandwa wiki moja kabla ya hapo hauna mizizi ya kuuvusha.

Usikimbilie mvua ya kwanza. Ile inalaza vumbi tu. Baada ya mvua ya pili au ya tatu chukua nondo, ichomeke ardhini kwa mkono. Ikizama sentimita 30 bila kugonga pakavu, panda. Ikigota kwenye sentimita 10, subiri.

Nasoma mitandaoni kwamba mimea ya asili hupandwa majira ya kupukutika majani, Septemba hadi Novemba. Na huku?

Ushauri huo unatoka sehemu kama California na nchi za pwani ya Mediterania, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi. Kule Oktoba ni mlango wa mvua, kwa hiyo wanapanda. Kwetu kusini mwa Ikweta majira hayo kwa kalenda ni Machi hadi Mei, yaani mlango wa kiangazi cha miezi saba. Ukiufuata ushauri huo kwa jina la majira, umeua miche.

Kanuni yenyewe lakini ni ileile: mche uingie ardhini mvua zikiwa mbele yake, si nyuma. Pia usichanganye na vuli ya Dar es Salaam au Arusha. Jamaa yako wa Arusha akikwambia ameshapanda, mpongeze tu.

Sasa Septemba hadi Novemba nikae tu?

Hii ndiyo miezi ya kazi. Chimba mashimo, kusanya samadi ioze, tengeneza uzio, nunua au otesha miche. Wengi hushika sururu mvua ikishanyesha, na hadi shimo la tano limalizike Januari imeisha. Shimo lililokaa wazi tangu Oktoba pia hukusanya majani makavu yanayopeperushwa na ule upepo wetu, nayo yanageuka mboji ya bure.

Na Machi hadi Mei?

Kupanda miti, hapana, labda kama una bomba linalotoa maji mwaka mzima. Ni wakati wa matandazo. Nyasi zilizokomaa zifyeke kabla hazijakauka kabisa, uzitandaze kuzunguka kila mche unene wa kiganja, ukiacha nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye shina (sababu iko kwenye swali la mchwa). Mbegu za ukwaju, ubuyu na mgunga utaziokota baadaye, kuanzia kipupwe cha Juni.

## Kuchagua

Mwarobaini, mkristmasi, mjohoro: si miti yetu hii?

Tumeizoea, lakini asili yake ni kwingine. Mwarobaini na mjohoro vimetoka Asia, mkristmasi Madagaska, jakaranda na bogenvilia Amerika ya Kusini, na ile miti myembamba ya ashoki iliyojaa kwenye mageti mapya ni ya India na Sri Lanka. Sisemi ing'oe. Mwarobaini wenye kivuli tayari uache. Ila kwa nafasi mpya uliyonayo, panda kilichozaliwa na ukame huu.

Vya hapa ni kama mbuyu, mkwaju, mgunga (Wagogo huuita mkungugu), mpogolo, mng'ongo, mpingo, mninga, mvungunya, mikole ya aina mbalimbali, na ile miti ya jamii ya Commiphora ambayo ganda lake hubanduka kama karatasi.

Kiwanja changu ni cha ujazo mkubwa, nafasi ndogo. Nipande mti gani?

Mmoja tu mkubwa, na uuchague vizuri. Mkwaju unafaa: hauchafui sana, kivuli chake ni kizito na matunda yanaliwa. Uweke mita 8 au zaidi kutoka kwenye msingi. Mkole si mti hasa, ni kichaka kikubwa. Unakaa hata mita 3 kutoka ukutani, maua yake ni ya njano na matunda yake watoto watayagombania na ndege.

Mbuyu na mkuyu visahau. Mkuyu hasa, mizizi yake hufuata maji hadi kwenye karo, na gharama ya kulijenga upya karo ni kubwa kuliko furaha ya kivuli.

Nataka kivuli cha haraka. Mimea ya asili si inachelewa?

Mingine inachelewa kweli. Mpingo panda kwa ajili ya wajukuu. Lakini mgunga ukipata shimo zuri na ukilindwa na mbuzi, utashangaa. Miaka ya mwanzo unakua kama kichaka chenye miiba, kisha ukipogolewa matawi ya chini unaanza kutandaza mwavuli. Usiuache bila kupogoa halafu ulalamike kuwa unachoma watu mlangoni.

Mwenye shamba namshauri mpogolo (Faidherbia albida). Unapukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa wakati wa kiangazi, kinyume na miti mingine yote. Mtama ulio chini yake unapata jua msimu mzima, na ng'ombe wanapata kivuli Oktoba, wakati ambao kila mti mwingine ni fito tupu. Ungekuwa mti wa kigeni, tungeshauziwa kwa dola.

Maua je? Mke wangu anataka rangi.

Waridi la jangwani (Adenium obesum), lile lenye shina lililovimba chini na maua ya waridi, ni mmea wa nyika zetu. Hutoa maua wakati wa ukame, mara nyingi bila hata jani moja. Shubiri za kienyeji hutoa mishumaa ya maua mekundu au ya machungwa, na chozi hawabanduki hapo. Mvua zikianza, mkalamu huchipua wenyewe kutoka kwenye kiazi chake ardhini, unapanda uzio kwa ncha za majani yake na kutoa maua mekundu yenye kingo za njano zilizojikunjakunja kama moto. Aprili unakauka na kupotea. Weka kijiti cha alama, usije ukalima hapo ukakikata kiazi. Hiyo mimea mitatu si ya kutafunwa. Tazama swali la sumu.

Nyasi za pasipalamu zinaota Dodoma?

Zinaota kwa maji. Bili ikija ndipo utajua zimeota kwa bei gani. Ukoka unastahimili zaidi: kiangazi unakauka unakuwa rangi ya mkate, mvua zikirudi unafufuka. Kama rangi hiyo inakukera, punguza eneo la nyasi, mwaga changarawe, panda mkonge mwitu na shubiri pembeni. Kufagia changarawe ni kazi, lakini si kazi ya kila siku.

Kuna mboga za asili za kuingiza bustanini?

Nyingi, na hapa Dodoma ndipo kwake. Mlenda, mgagani, mchicha pori, kunde kwa majani yake, njugu mawe. Mgagani na mlenda huhitaji kusia mara moja tu. Acha mimea kadhaa ikomae na kumwaga mbegu, na Desemba ijayo utaikuta imeota kabla hujashika jembe. Mlenda wa ziada anika kivulini, twanga, hifadhi. Mama yeyote wa Kigogo atakufundisha kwa dakika mbili, kisha atakucheka ulivyokuwa ukiununua sokoni.

## Kuotesha na kupanda

Mbegu nimezipanda wiki sita, hazioti. Ni mbovu?

Huenda ni ganda tu. Mbegu nyingi za nyika zina ganda gumu ili zisidanganywe na mvua ya siku moja.

Za mgunga: chemsha maji, epua, mwagia mbegu, ziache zilale humo hadi asubuhi. Zilizovimba panda; zilizobaki ndogo na ngumu rudia. Za mbuyu ni sugu zaidi. Chukua mbegu moja moja, ikwangue upande mmoja kwa tupa au msasa mpaka uone weupe wa ndani, kisha loweka usiku kucha. Ni kazi ya kuchosha, ifanye huku unasikiliza redio. Za ukwaju kuloweka kunatosha. Mpingo hauhitaji ukatili wowote, ila mbegu ziwe mpya.

Mninga ni kesi nyingine. Mbegu imo ndani ya tunda lenye miiba-miiba katikati, na kuitoa bila kuivunja ni ufundi. Nunua mche.

Miche mirefu na mifupi bei tofauti. Nichukue ipi?

Mifupi. Mche wa mita moja na nusu kwenye kiriba kidogo una mizizi iliyojizungusha chini kama uzi kwenye kibiringo, na itaendelea kuzunguka hata shimoni. Kabla ya kulipa, inua kiriba utazame chini. Ukiona mzizi mnene umetoboa na kuingia ardhini, muuzaji ataung'oa kwa kuukata, na huo ndio mzizi uliokuwa ukuokoe Agosti. Chagua mche wa sentimita 30 hadi 50, shina gumu, usiozidi msimu mmoja kitaluni.

Uliza pia ulikuwa kivulini au juani. Kama ulikuwa chini ya chandarua, uzoeshe jua wiki mbili nyumbani kwako kabla ya kupanda.

Shimo liwe na ukubwa gani, na samadi kiasi gani?

Sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Wakati wa kufukia, wa juu urudi kwanza, ukichanganywa na samadi iliyooza ndoo moja ndogo. Ukifika kwenye ule udongo uliogandamana kama zege, usiishie hapo: utoboe kwa mtarimbo matundu matatu manne. Bila hivyo umechimba beseni, na mizizi itaoga humo Januari na kukauka humo Septemba.

Samadi mbichi usiweke. Inaunguza mizizi na inamwita mchwa kwa jina.

Upande wa chini wa mteremko jenga tuta la nusu mwezi, urefu wa kifundo cha mguu, ili maji yanayotiririka yasimame kwenye mche. Hakikisha mdomo umeelekea juu ya mteremko. Nimeona mengi yamegeuzwa.

## Maji na maadui

Mimea ya asili si haihitaji kumwagiliwa?

Ikishashika, haihitaji. Kiangazi cha kwanza inahitaji, na cha pili kidogo. Lita 10 mara moja kwa wiki ni bora kuliko kikombe kila jioni, kwa sababu kikombe hulowesha juu tu na mizizi hukaa juu kusubiri. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichofukiwa kando ya mche na kufunikwa kwa kigae, hutoa maji polepole yenyewe. Chupa ya plastiki yenye tundu dogo ni mbadala, ila huziba, iangalie.

Paa nalo usilisahau. Bati la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 10 ni lita 1,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Hata bila tenki, mfereji mdogo kutoka kwenye mdomo wa bomba la paa hadi kwenye mkwaju unafanya kazi.

Kisima changu kina chumvi. Nimwagilie?

Kwa miche michanga, changanya na maji ya mvua au ya bomba ukiweza. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua, acha kumwagilia kidogo kidogo. Mwagilia mengi kwa mara moja ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Mgunga huvumilia zaidi kuliko wengi.

Mchwa wanamaliza miche. Dawa gani?

Mchwa wa kwetu wanapenda zaidi kitu kikavu na kilichochoka. Mche ukishambuliwa, mara nyingi ulikuwa tayari na kiu au jeraha. Kwa hiyo maji ya kina (swali la kumwagilia) ni kinga ya kwanza. Ya pili ni kuacha ile nafasi ya vidole vinne kati ya matandazo na shina. Ya tatu, majivu ya kuni pembeni ya shina, ukirudishia kila mvua ikiyaosha. Wengine hutwanga majani ya mwarobaini na kumwagia maji yake. Hayana madhara, jaribu.

Usipige sumu kichuguu cha jirani. Kichuguu kilicho mbali na bustani kina kazi yake, kinatifua ardhi ambayo sururu yako imeshindwa.

Mbuzi wa jirani?

Hakuna mmea wa asili wa Dodoma ambao mbuzi wa Dodoma hajakua nao. Miiba haimzuii. Kila mche uzungushie matawi makavu ya mgunga, miiba nje, au wavu ukiwa na fedha. Uzio wa kudumu ni minyaa, au vigingi vya Commiphora vinavyochipua vikichomekwa kabla tu ya mvua. Vipande vya minyaa vilivyokatwa viache vikauke jeraha kivulini siku kadhaa ndipo uvichomeke.

Nguvu ya kuzuia mifugo ilionekana Kondoa. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Majani na vichaka vikarudi. Wafugaji waliumia, na hilo nalo lisemwe. Ila ardhi ilionyesha ilichokuwa imebeba chini.

## Kesi za pembeni

Mche wangu umekauka wote tangu Julai. Niung'oe?

Kwaruza gome kwa ukucha karibu na ardhi. Ukiona kijani chenye unyevu, uko hai. Hata usipokiona, subiri hadi Januari kwa mimea hii miwili. Mbuyu mchanga hupukutisha kila kitu na kubaki kijiti, huku chini una mzizi mnene kama karoti umejaa akiba. Mninga ndio mtukutu zaidi: shina la juu hufa kila kiangazi kwa miaka kadhaa ya mwanzo, linachipua upya mvua zikija, na mzizi unanenepa chini kwa chini. Siku mzizi ukitosheka, shina linapaa moja kwa moja. Wanaong'oa mninga mwaka wa pili ni wengi mno.

Kiwanja kina visiki vinavyochipua. Nivitoe nipande miche?

Usivitoe! Kisiki kina mizizi ya miaka mingi, mche wako hauwezi kukifikia. Hiyo ndiyo njia ya Kisiki Hai, ambayo shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa limeieneza vijijini Dodoma. Chagua machipukizi mawili hadi matano yaliyonyooka, kata mengine yote karibu na kisiki kwa kisu kikali, pogoa matawi ya chini ya yale uliyoyaacha, funga kitambaa cha rangi ili mwenye panga ajue kina mwenyewe. Rudia kupogoa kila baada ya miezi michache. Kwa mwenye ekari nje ya mji, hii ni nafuu kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu.

Mbuyu si una mashetani? Na vichaka si vitaleta nyoka?

Mashetani siwezi kukujibia. Ninachojua kinachotembelea mbuyu usiku ni popo: maua yake hufunguka jioni, nao huja kunywa na kuyachavusha. Kwenye mashimo ya shina huzaliana wale kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano, ambao asili yao ni Tanzania.

Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka, lundo la matofali na mahindi yaliyomwagika. Vichaka viwe mita kadhaa kutoka mlangoni, matawi ya chini yapogolewe uone ardhi, basi.

Mng'ongo wangu una miaka mingi, maua unatoa, matunda hakuna.

Huenda ni dume. Mng'ongo una miti dume na miti jike, na jike pekee ndiye anayezaa. Ukipanda kwa ajili ya matunda, panda kadhaa, au chukua tawi nene kutoka kwenye mti unaoujua unazaa, ulichomeke kabla ya mvua.

Kuna mimea yenye sumu humu?

Ipo. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni hatari kweli. Kata ukiwa na miwani, upepo ukiwa nyuma yako, na watoto wasiwepo. Ukiingia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kisha kimbilia hospitali, usisubiri asubuhi. Waridi la jangwani utomvu wake uliwahi kupakwa mishale ya kuwindia. Kiazi cha mkalamu kinaua. Shubiri pori nazo si zote ni za kunywa kama ile ya dukani.

Kiwanja ni udongo mweusi wa mbuga, unapasuka kiangazi. Nifanyeje?

Usipande shimoni, panda juu ya tuta, maana mvua zikikolea maji yatasimama siku kadhaa. Nyufa za kiangazi zinakata mizizi midogo, kwa hiyo matandazo huku ni lazima, si hiari. Mpogolo na migunga huweza. Mbuyu na waridi la jangwani havitaki miguu iliyolowa.

Naweza kuchimba miche porini nikaipande nyumbani?

Kwenye hifadhi ya misitu, hapana bila kibali. Nje ya hifadhi uliza serikali ya kijiji kwanza. Na hata ukiruhusiwa, miche ya nyika ina mzizi mrefu unaoenda chini moja kwa moja, ukiuchimba unaukata. Chukua mbegu. Vitalu vya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na vya watu binafsi vina miche ya asili, ila usisubiri Desemba kuagiza, maana vingi huotesha kile kinachonunuliwa sana. Mpingo na mninga vikishakua usivikate kiholela hata kama viko kwako. Pita kwanza ofisi ya misitu ya wilaya.

Mimi ni mpangaji. Nitapata faida gani?

Panda kwenye vyombo. Dumu la lita 20 lililokatwa kati, lenye matundu chini, linatosha waridi la jangwani, shubiri au mkonge mwitu kwa miaka. Mchanga sehemu mbili, udongo mwekundu sehemu moja, samadi iliyooza kiganja kimoja. Kiangazi mwagilia udongo ukikauka kabisa hadi chini, kipupwe karibu uache. Ukihama, pakia kwenye bajaji ukiwa umefunga matawi kwa kamba, na umwambie dereva asiuguse utomvu.